Lori Lililokwenda Ukweni

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu kule Ndhiwa, na mimi, mkwe mkubwa kuliko wote, nikapewa kipaza sauti niseme machache. Nilisema alikuwa mkarimu, watu wakaitikia. Nilisema alikuwa mcha Mungu, wakaitikia tena. Niliposema, "Na mama huyu alipenda usafi," mzee mmoja aliyekaa safu ya tatu chini ya hema akapasuka kwa kicheko. Alijaribu kukiziba kwa kitambaa, kikatokea puani. Shemeji zangu waligeuka wote kwa mpigo. Mke wangu Akinyi hakumtazama mzee yule, alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemtekenya. Mzee huyo ni Ouko, fundi wa injini wa Migori, ambaye siku hizi macho hayamruhusu kutofautisha nati na shilingi. Jioni wajukuu walinizingira wakitaka kujua ni mtu wa namna gani anayecheka matangani, nami nikawaambia ni rafiki yangu, jambo lililowaongezea maswali. Basi nimeona niandike. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na machozi ya karibu zaidi, na nikisimulia kwa mdomo sifiki mwisho.

Mwaka mambo haya yalipotokea nilikuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha watu wawili. Nilikuwa dereva wa lori. Nilipanga chumba mjini Migori, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na unga ulipenya kwenye nyufa za ukuta usiku na mchana, hata asubuhi nikatoka nyusi nyeupe kama mzee wa baraza. Chumbani nilikuwa na kitanda, sufuria, na kioo kikubwa kuliko mahitaji yangu. Lori lenyewe lilikuwa la Mzee Athumani, mfanyabiashara wa nafaka ambaye watu wake walitoka pwani, mtu mpole mwenye kofia safi na sauti ya chini. Nilimbebea maharagwe kutoka kwetu Ntimaru, mahindi kutoka Ndhiwa, na saruji ya kupeleka Homa Bay. Lilikuwa lori kuukuu, na umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Lakini nilipokaa nyuma ya usukani wake niliona watu wote barabarani wamekuja duniani kunipisha. Leo nikiwaona vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki za mkopo kama wafalme, mke wangu husonya, mimi hunyamaza.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi, nalo si gumu. Injini hupumua. Kila pistoni inapofanya kazi, moshi kidogo hupenya kando ya ringi zake ukashuka chini kunakokaa oili, na moshi huo lazima upewe njia ya kutokea, la sivyo utajitafutia wenyewe. Injini za siku hizi huumeza tena moshi wao. Ile yetu ilikuwa na bomba la chuma tu, nene kama gunzi la mahindi, lililotoka ubavuni mwa injini likashuka hadi chini, mdomo wazi. Lori likisimama baada ya safari, bomba hilo lilidondosha oili nyeusi, tone, tone, tone, mpaka likapoa. Sisi madereva hatukuona ajabu. Tulikuwa tukisema lori la zamani lisilodondosha ni lori lisilo na oili.

Akinyi nilikutana naye Ndhiwa, nikipakia mahindi. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, mapenzi yetu yalisemwa kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili, na yakaeleweka. Ilipofika siku ya kwenda kujitambulisha kwao, mtu mwenye akili angekwenda kwa miguu, kofia mkononi. Mimi nilikwenda na lori. Nilipiga honi mara tatu langoni, nikaingia nalo hadi katikati ya uwanja, nikaliegesha mbele ya jiko la mama mkwe ili kila mtu alione vizuri. Uwanja ule ulikuwa umefagiliwa hata mistari ya ufagio ikaonekana kama nywele zilizochanwa. Mama alisimama mbali, leso ya manjano yenye maua mekundu kiunoni, akanisalimu akitazama pembeni, nami nikamwitikia nikitazama pembeni, maana kwao na kwetu mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho. Nikapelekwa katika nyumba ya shemeji, nikaletewa kuku na ugali wa mtama, nikala peke yangu kama askofu.

Nikiwa katika paja la pili nilisikia mazungumzo nje ya ukuta. Mama alikuwa akiuliza kitu kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka, na Akinyi akimtuliza. Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kununua samaki tu, sikuambulia neno. Kisha nikasikia mchi ukigonga, ko, ko, ko. Nilifurahi sana. Nilidhani wananitwangia karanga. Nilisubiri karanga hizo mpaka saa ya kuondoka, hazikuja, nikajisemea pengine ni desturi yao kutwanga mgeni akiwepo na kula akiondoka. Nilipotoka niliona doa jeusi, kubwa kama sinia, limefunikwa mchanga mpya karibu na tairi la mbele, na juu yake hapakuwa na tone hata moja zaidi. Nililipigapiga lori begani. Hata wewe, nikaliambia, umejua uko ukweni.

Wiki haikwisha. Nilikuwa ninapanda mlima karibu na Rongo nilipoona moshi ukitoka kila penye upenyo. Nikafungua boneti, nikakuta kile kijiti cha kupimia oili kimeruka kutoka mahali pake na injini nzima imeoga. Nikakirudisha, nikajaza oili, nikaendelea. Siku ya pili kiliruka tena. Siku ya tatu sili ya nyuma ya injini, ile pete inayozuia oili, ikaanza kuvuja, oili ikafika kwenye klachi, na lori likawa linanguruma kama ng'ombe dume na kwenda kama kobe. Nilimpelekea Ouko. Ouko alikuwa fundi mwenye jina kutoka Isebania hadi Homa Bay, kijana bado, na alikuwa na kanuni moja: fundi mwenye jina halali chini ya gari. Alivaa suruali ya buluu iliyopigwa pasi, akasimama na mikono kiunoni, na mafundi wenzake wakalala matopeni yeye akiwaelekeza. Walishusha gearbox, wakabadilisha sili. Baada ya safari mbili ikavuja. Ouko akasema sili ilikuwa bandia. Wakabadilisha nyingine, nayo ikavuja, na juu yake gasketi ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, ikaanza kulia machozi pande zote. Hapo Ouko akaacha kulaumu sili, akaanza kulaumu mtu.

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Kando ya gereji palikuwa na kibanda cha chakula, ukuta wa mabati tu kati, nami nilikuwa ndani nikila ugali na omena, dagaa wa ziwani. Nje Ouko alikuwa akimweleza Mzee Athumani.

"Mzee, hiyo ringi imeisha. Hii injini ilikimbizwa bila oili. Lazima tufungue yote."

"Kijana huyu mimi namwamini," akasema Athumani.

"Mwamini yeye, Mzee, lakini usiamini mguu yake."

Nilitaka kutoka nimpige, lakini nilikuwa bado sijanawa. Athumani aliniita dukani jioni ile. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Marwa mwanangu," akasema, "leo Jumatatu. Ijumaa nikitoka msikitini nataka kuambiwa lori limepatwa na nini. Ikiwa ni ugonjwa, tutatibu. Ikiwa ni mkono wa mtu, basi huyo mtu ataniachia ufunguo hapa mezani." Nilirudi chumbani nikakaa kitandani gizani. Mwisho wa mwezi wajomba wa Akinyi walikuwa waje Migori kumwona mkwe kazini kwake, kabla ya kuzungumza habari za ng'ombe. Wangenikuta nikifanya kazi gani? Kupepeta unga unaotoka ukutani? Mtu akimwaga unga na uchumba nao humwagika, hilo nililijua hata kwa umri ule.

Kilichoniokoa ni uzembe wangu. Jumanne nilipeleka saruji Homa Bay, nikienda polepole na kuongeza oili kila nilipopumzika. Baada ya kushusha nilifungua kifuniko cha kujazia oili, nikakiweka juu ya bampa, nikajaza, na wakati huohuo upepo wa ziwani ukaniletea harufu ya samaki ngege anayekaangwa. Nilikwenda kula. Nilikula mpaka mwiba wa mwisho, nikarudi, nikafunga boneti, nikaondoka. Kifuniko kilibaki Homa Bay mpaka leo. Niligundua hilo nilipofika Rongo, nikafunga tambara juu ya tundu na kuomba Mungu. Lakini Migori nilipochungulia chini nilikuta kioja: juu injini ilikuwa imelowa ukungu wa oili, tambara limekuwa jeusi, ila kule nyuma, kwenye sili, kukavu. Kijiti kimekaa kimya mahali pake kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

Nilimweleza Ouko. Kwanza alinitukania kifuniko, na nilikuwa na haki ya kutukanwa. Kisha akanyamaza katikati ya tusi. "Omera," akasema, yaani ndugu, "rudia hiyo kitu. Mdomo ikiwa wazi haivuji?"

"Haivuji."

"Na ukifunga?"

"Inaruka kijiti."

Alitazama kibandani, ambako sufuria ya maharagwe ilikuwa ikichemka na kifuniko chake kikicheza. Alichukua mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kipande cha tyubu juu ya tundu la oili, akaniambia niwashe. Mfuko ulijaa taratibu, kwa utulivu. Ouko akaanza kuhesabu kwa sauti, akafika ishirini. "Ringi ikiwa imeisha," akasema, na niliona namna maneno yalivyomuuma, "hii mfuko ingepasuka kabla sijamaliza kuhesabu tano. Moshi ni ya kawaida. Tatizo ni, inapita wapi?" Akafungua lile bomba la kupumulia kule juu linakoshikana na injini, akalipangusa, akatia mdomo, akapuliza. Mashavu yalimvimba, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna hewa iliyopita. Akanitazama, akatazama tope la mvua za masika, akatazama suruali yake. Akatandika gunia, akalala chini ya gari. Gereji nzima iliacha kazi kutazama.

Mwisho wa bomba ulikuwa umevikwa tope lililokauka, ukaonekana kama sehemu ya chesisi. Ouko alilibandua kwa bisibisi. Kisha nikamsikia akisema, "Yawa!" Akaomba koleo, akavuta, akapinda, akavuta tena, na kitu kikachomoka na oili nyeusi ikamwagikia kifuani. Alitoka chini ya lori akiwa amekishika juu. Lilikuwa gunzi la mahindi, limezungushiwa kitambaa, limepigiliwa ndani kwa nguvu nyingi na kwa ustadi wa kweli.

"Nani anaweza kufanya hii?" akauliza Ouko. "Hii ni adui. Hii ni mtu anachukia Mzee Athumani."

Nilichukua lile gunzi. Nikakunjua ncha ya kitambaa pale oili isipofika. Kilikuwa cha manjano, na ua jekundu. Nikakumbuka zile karanga ambazo hazikuletwa. Nikakaa juu ya tairi, na Ouko, ambaye ana kasoro nyingi lakini si mjinga, akaniuliza taratibu gari hili lilikuwa limelala wapi. Nikamwambia halikulala, lilikwenda ukweni. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika bampa. Mimi sikucheka. Yeye alikuwa ameliona gunzi, mimi nilikuwa nimeiona Ijumaa.

Maana niseme nini? Ningesimama mbele ya tajiri wangu niseme mama mkwe ndiye aliyeliziba lori, wakati hata hajawa mama mkwe? Habari hiyo ingefika Ndhiwa kabla yangu. Mama angeitwa mbele ya watu aulizwe, na aibu ile ingekaa mlangoni pa nyumba yetu maisha yote. Na kosa lilikuwa langu hasa: mimi ndiye niliyekwenda kumwagia uchafu mwanamke aliyeamka alfajiri kufagia kwa ajili yangu. Ijumaa Athumani alitoka msikitini, akakaa, akasikiliza mngurumo wa lori lililopona. Ouko alimwonyesha gunzi bila kusema jina la mtu. "Ni nani?" akauliza Athumani. Nikapiga moyo konde. "Ni mimi, Mzee. Lilikuwa likidondosha, nikaona aibu, nikaliziba."

Ouko alikodoa macho kama aliyeumwa na siafu. Athumani alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kama ungeniambia umesahau, ningekusamehe," akasema. "Lakini umenitazama siku zote hizi, sili zinabadilishwa, fundi anahangaika, na wewe unajua. Hapo siwezi, mwanangu." Nikauweka ufunguo mezani. Alionekana ameumia kuliko mimi, na hilo mpaka leo sijalisahau.

Jumanne iliyofuata nilikwenda dukani kuchukua blanketi langu na sufuria, ambavyo vilikuwa stoo. Nilikuwa nimeinama kule nyuma ya magunia ya maharagwe niliposikia sauti mlangoni. "Oyawore," ilisema, salamu ya asubuhi ya Kijaluo. Alikuwa mama yake Akinyi. Ouko, ambaye nilimwapisha asiseme, alikuwa amekwenda mwenyewe hadi Ndhiwa kusema. Sikuwa na pa kutokea, mlango ulikuwa mmoja, na kukutana na mama mkwe uso kwa uso katika hali ile kulinishinda. Nikachuchumaa, nikavuta gunia tupu kichwani. Kwa upenyo nilimwona: ameshika kuku jogoo kwa miguu, na kiunoni amejifunga leso ileile, pindo moja limechanwa.

"Wewe ndio Athumani?"

"Ndimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Mtu amekosa hakai." Akaweka jogoo juu ya mizani. "Hiyo gari yako ilikuwa inakojoa kwa uwanja yangu. Mimi ndio nilifunga yeye mdomo. Nilifunga na gunzi, nikapiga na mchi."

Athumani alikohoa. "Marwa aliniambia ni yeye."

"Marwa ni muongo," akasema Mama. "Alidanganya juu yangu, na mimi si mama yake. Mtoto wa watu amepoteza kazi juu ya uwanja yangu." Sauti ilimtetemeka, akaikaza. "Sasa, wewe futa mimi. Yeye arudi."

"Mama, nitakufutaje kazi, nami sikukuandika?"

Akafikiri. Nilimsikia jogoo akikwaruza mizani. "Basi niandike leo," akasema, "unifute leo, halafu yeye arudi."

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Athumani alivaa miwani yake ya kusomea, akachana kipande cha katoni, akauliza jina lake kamili, akaliandika polepole kwa herufi kubwa. "Mama," akasema kwa heshima zote, "kuanzia sasa wewe ni msimamizi wa bomba la kupumulia katika lori langu."

"Nimekubali."

"Umefutwa kazi."

"Ero kamano," akasema Mama, yaani ahsante, na ndipo alipovuta kiti akakaa. Athumani akaagiza chai. Mimi nyuma ya magunia nilikuwa ninalia, na sioni haya kulisema, kwa maana mwanamke yule alikuwa amepanda gari kutoka Ndhiwa kuja kujidhili mbele ya mgeni, kwa ajili ya kijana Mkuria aliyemchafulia uwanja. Nilimpenda saa ile, na sikuacha hadi tulipomfukia mwezi uliopita.

Alikunywa chai yake yote, akaaga, akainuka. Mlangoni akasimama, mgongo ameelekeza kwangu kama desturi inavyotaka, akasema kwa sauti kubwa, "Nyinyi magunia ya maharagwe, ile yenu moja iko na viatu. Mkiona Orwa, mkwe wetu, mwambieni ng'ombe alete. Lakini hiyo gari aache kwa barabara."

Nikageuza uso ukutani, blanketi kifuani.

"Yamesikia, Mama," nikasema.